Miaka miwili ya Baba Pini na pingu ya chini ya bahari

Jua ndio kwanza linachomoza. Meli imezima injini, na kila mtu kwenye sitaha ya nyuma ameambiwa anyamaze. Baba Pini hawezi hata kusimama mahali pamoja. Anakwenda mpaka kwenye winchi, anaigusa, anarudi. Anakaza mikanda ya jaketi lake la kujiokolea, ambayo tayari imekazwa. Chai aliyomiminiwa imepoa juu ya pipa.

“Baba Pini, ukiendelea hivyo utaitoboa hii meli tuzame wote,” serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, anamnong'oneza. Wenzake wanacheka kimyakimya. Yeye hacheki.

Kila mtu humu melini anajua kinachomsumbua. Chini yao, kwenye giza la kilomita nne, kuna kamba ndefu iliyosimama wima majini. Chini kabisa imefungwa kwenye rundo la magurudumu ya garimoshi yaliyochakaa, ambayo yanaishikilia sakafuni mwa bahari. Juu kuna maboya ya njano yanayoivuta. Katikati vimening'inizwa vipimo vya chuma vinavyohifadhi kila saa kasi ya maji, baridi yake na chumvi yake.

Kamba hiyo ilishushwa miaka miwili iliyopita, na leo inatakiwa kupanda. Aliyeifunga ni yeye. Na kuna pingu moja ambayo hajui kama aliiwekea pini.

Pingu, katika kazi hii, ni chuma kilichopinda kama kwato kinachounganisha mnyororo na mnyororo. Hufungwa kwa bolti na nati, kisha pini nyembamba hupitishwa kwenye tundu la bolti na miguu yake kukunjwa ili nati isilegee. Ni kitu kidogo, hakizidi kidole cha mtoto. Lakini maji yakiitikisa kamba usiku na mchana, nati isiyo na pini hujizungusha yenyewe taratibu mpaka inatoka. Ikitoka, kila kilicho juu yake kinakwenda na maji.

Siku ile alikuwa ameinama kwenye pingu ya mwisho, ile ya karibu na magurudumu, alipoitwa mbio kwenye simu ya nahodha. Aliyepiga alikuwa mama mkwe wake: mkewe amejifungua salama, mtoto wa kike. Baba mtu, pande la mtu lenye mikono iliyojaa sugu, alilia mbele ya nahodha bila aibu. Aliporudi nyuma ya meli, wenzake walikuwa wamekwisha kuitosa pingu majini.

“Nilikuwa na pini mkononi, hilo nalikumbuka vizuri,” anasema. “Lakini niliiweka ndipo nikakimbia, au nilikimbia nayo ikaniponyoka ngazini? Hapo ndipo panaponiua. Mkono wangu unasema niliweka. Sasa, mkono wenyewe umeweka pini maelfu kwa maelfu. Utakumbukaje moja?”

Hakuficha. Jioni ileile alimwendea mkuu wa msafara, mtaalamu wa bahari ambaye meli nzima humwita Daktari, akamweleza. Mama huyo alimuuliza swali moja: anajua kwamba hakuweka, au hana hakika? Akajibu kwamba hana hakika. Dhoruba ilikuwa inakuja, na kuipandisha kamba upya kungekula siku nzima. Daktari akaamua iachwe.

Mabaharia hawana dogo. Kabla meli haijafika bandarini, mtoto ambaye hata baba yake alikuwa hajamwona alikuwa ameshapewa jina: Pini. Jina likaganda. Hata bibi yake sasa humwita hivyo.

Wiki mbili kabla ya safari hii, mke wa Baba Pini, msusi anayefanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yao, alikuwa akimsuka mteja huku akisimulia, na kitana kikiwa kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe.

“Akiamka kunywa maji, lazima apitie mlangoni kuangalia komeo. Anakagua mtungi wa gesi. Anakagua vifungo vya viatu vya mtoto, na mtoto mwenyewe yuko usingizini, viatu viko uvunguni! Mimi niliolewa na baharia, nikajikuta nalala na mlinzi.”

Mteja aliangua kicheko, kichwa kikamponyoka msusi mikononi.

“Siku moja nikamwambia, hivi we baba, miaka yote hii hulali kwa ajili ya maji?” aliendelea mkewe. “Akanyanyuka, akachukua ndoo ya maji baridi, akamimina ya moto juu yake polepole. Akaniambia, tumbukiza mkono mpaka chini. Kweli, juu moto, chini baridi. Akasema, haya, bahari ndiyo hiyo, ila ya kwake inatembea.”

Maelezo ni ya ndoo, lakini hayako mbali na ukweli. Kwenye ncha za baridi za dunia, upepo mkali hupoza maji ya juu, na bahari inapoganda huiacha chumvi katika maji yaliyobaki. Maji baridi yenye chumvi nyingi ni mazito, basi huzama mpaka chini kabisa na kuanza kutambaa sakafuni, kutoka bahari moja hadi nyingine. Huenda yakamaliza mamia ya miaka kabla ya kupanda tena. Huku juu, maji ya vuguvugu kutoka nchi za jua kali husogea kwenda kuziba pengo, yakiwa yamebeba joto.

Ndivyo dunia inavyogawana joto na baridi. Bila mzunguko huo, penye baridi pangezidi baridi na penye joto pangezidi joto, na mikanda ya mvua isingekaa ilipo sasa.

Kinachowanyima wataalamu raha ni barafu inayoyeyuka. Maji yake hayana chumvi, kwa hiyo ni mepesi. Yakimwagika mengi mahali pa kuzamia, maji ya bahari hayatazama kama zamani, na mzunguko wote utalegea. Umeshalegea kiasi gani? Huwezi kujibu kwa kutazama mawimbi. Lazima uweke vipimo kule chini, uviache, kisha uvifuate.

“Mahali hapa tumepima miaka kumi na sita mfululizo,” anasema Daktari. “Tukiikosa hii miwili, hakuna wa kuturudishia. Maji yale yameshapita.”

Baba Pini yuko hatua chache kutoka hapo, na anasikia kila neno.

Sasa fundi wa mitambo anatuma sauti majini. Ni mlio mwembamba unaokwenda chini kukiita kifaa kinachoshika magurudumu. Sekunde zinapita. Kifaa kinaitika. Watu wanapiga makofi, lakini Baba Pini anatikisa kichwa.

“Hicho kiko chini ya pingu yangu,” anasema. “Kingeitika hata kama juu yake hakuna kitu.”

Kifaa kinaamriwa kuachia magurudumu. Kama kamba ipo, maboya yataipandisha. Kama haipo, bahari itabaki vilevile. Saa nzima watu wanakodolea macho maji. Baba Pini anahama upande huu wa meli kwenda ule, na serahangi anamfuata nyuma kama mama anayemfukuzia mtoto uji.

“Njano! Njano kulia!” anapaza sauti mmoja kutoka juu.

Boya kubwa limeibuka, limejaa utelezi na kome. Baada yake yanachomoza mengine. Daktari anamkumbatia fundi wa mitambo. Serahangi anampiga Baba Pini mgongoni kofi ambalo lingemwangusha mtu mwembamba.

“Haya, umeona? Uliiweka! Sasa utatuacha tupumzike.”

Baba Pini anajibu, “Sijaiona.”

Kamba inavutwa mchana kutwa. Vipimo vinapanda kimoja kimoja, vinaoshwa na kulazwa kwenye vitanda vya mbao. Pingu anayoisubiri ndiyo ya mwisho kutoka. Inapofika ukingoni mwa sitaha, anaomba winchi isimamishwe, anapiga magoti, anaifuta tope kwa kidole gumba.

Tundu la bolti ni tupu. Hakuna pini, wala dalili kwamba iliwahi kuwepo. Nati imejizungusha karibu yote, imeshikilia meno mawili tu ya mwisho. Anaigusa kidogo, inamwangukia kiganjani.

Baba Pini anainuka, anaipeleka nati kwa Daktari, anamwekea mkononi.

“Ulinambia,” anasema Daktari.

“Nilikwambia sina hakika. Sasa ninayo.”

Daktari anakaa juu ya kitanda cha mbao, kati ya vipimo vyake, na anaishika ile nati kwa mikono miwili. “Mimi ndiye niliyesema iachwe,” anasema. “Usiibebe peke yako.”

Kesho yake kamba nyingine inashushwa palepale, kwa sababu miaka miwili peke yake haisemi mengi na mfululizo haufai kukatika. Safari hii kuna utaratibu mpya, ambao Baba Pini ameuomba na serahangi ameukubali bila ubishi. Mmoja anaweka pini, wa pili anaishika kwa vidole vyake na kutamka kwa sauti, “Ipo!” Mpaka isikike hivyo, winchi haisogei, hata aitwe nani na kwa habari gani.

“Ipo!” “Ipo!” Sauti hiyo inasikika mpaka magurudumu yanaposukumwa majini kwa kishindo na boya la mwisho kuzama.

Kwa mpango wa mkewe, hii ilikuwa safari ya kufunga kazi. Kuna nafasi kwenye karakana ya bandarini, mshahara hauzidi wa melini ila mtu analala kwake, na mkewe ameshamsemea kwa msimamizi. Baba Pini anakiri kwamba aliahidi: akishaiona ile pingu, basi.

“Nitamwomba anivumilie miwili mingine,” anasema, akiegemea ukingo. “Ile iliokoka kwa bahati, si kwa kazi yangu. Hii nimeifunga na akili zangu zote, na nataka kuja kuitoa mwenyewe. Baada ya hapo niwekeni karakana, niwekeni popote.”

Anaulizwa kama sasa, walau, usingizi utampata.

“Utakosaje? Pini zote zipo, naapa.” Anatazama mahali ambapo boya limezamia. Anaondoa mikono ukingoni, anairudisha, anaiondoa tena.

“Ila hii kamba,” anasema, “ni ya aina mpya. Sijawahi kuiona ikikaa chini miaka miwili.”