Masufuria ya Bibi na Vita vya Waturuki

Ilianza Jumatano, saa nane na robo mchana, kipindi cha historia, wakati nusu ya darasa imeshalala na macho wazi. Ticha alipitisha kopo la maziwa lenye vikaratasi. Kila kundi lichukue dola moja ya Vita Vikuu vya Kwanza, na Jumatatu mmoja wa kundi asimame kama waziri wa dola hiyo, aeleze kwa nini ilichagua upande iliouchagua. Kundi letu likapata Uthmania, dola ya Waturuki. Halafu ticha akasema waziri wa kila kundi atakuwa yule ambaye hajaisikia sauti yake tangu muhula uanze, akaniangalia mimi. Waziri akinyamaza, kundi zima linapata sifuri. Tulikuwa wanne.

Mimi huandika tu. Ticha akiita mahudhurio hunyanyua mkono, siitiki. Mwaka jana nilipewa aya moja ya kusoma nikasimama nayo mpaka kengele ikalia.

Mkuu wa kundi letu ni msichana ninayekaa naye dawati moja. Alikipekua kitabu mara moja akaona kwamba Uthmania wakati ule imeshachoka, inamegwa kila upande, na Wazungu wakiiita mgonjwa wa Ulaya. Akakifunga.

"Basi tumekwisha," alisema. "Dola mgonjwa, na waziri wake bubu."

Walicheka, na mimi nikacheka, maana ilichekesha kweli.

Siku mbili zile nilijaza kurasa tatu. Nilijua kwamba Warusi walikuwa wakiutamani mlango wa bahari wa Istanbul. Nilijua kwamba Waingereza, rafiki wa zamani wa Waturuki, sasa walikuwa rafiki wa hao hao Warusi. Vyote nilivijua na havikunisaidia. Nikisimama mbele ya kioo cha kabati, sauti inakatika kwenye neno la kwanza.

Jumamosi asubuhi Bibi alinifuma hapo. Naishi naye Mji Mkongwe, katika nyumba iliyojengwa na babu zake walipokuwa na mashamba ya mikarafuu upande wa Mangapwani. Mashamba nimeyasikia tu. Kilichobaki ni vyumba vinne vya juu, ukumbi wa chini wenye mlango wa barabarani, na masufuria matatu ya shaba, makubwa kiasi cha mtoto kuogea ndani yake. Zamani mtaa mzima ukiyaazima kwa pilau za harusi.

"Mke mwenzangu," aliniita, ndivyo anavyonitania, "unasema na nani humo ndani ya kabati?"

Nikamweleza, kisha nikamsomea kurasa zangu. Kwa Bibi sauti hutoka. Alisikiliza huku anachagua mchele, mpaka nilipofika kwenye manowari. Waturuki waliagiza manowari mbili Uingereza, raia wa kawaida wakachangishana. Vita vilipoanza, Waingereza wakazichukua huko huko kiwandani, wakazifanya zao. Kisha zikaja manowari mbili za Wajerumani, Waturuki wakapewa, wakaingia vitani upande wa Wajerumani.

Bibi aliuweka ungo chini, akaniambia nisome tena hapo.

Ndipo aliponihadithia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mama yangu alikuwa bado mdogo. Nyumba mbili za mtaani, ya kona na ya nyuma yetu, zilikuwa hazisemezani, na zote mbili zikaweka harusi Alhamisi moja. Masufuria mawili ya Bibi yalikuwa upande wa pili wa mji, Ng'ambo, kwa fundi, anayatia bati. Watu wa nyumba ya kona, waliozoea kuazima miaka yote, hawakuja hata kubisha hodi. Walikwenda moja kwa moja kwa fundi, wakayapakia kwenye gari la ng'ombe, Bibi akapelekewa habari na mpita njia. Na rafiki yao mkubwa siku hizo alikuwa tajiri mmoja aliyekuwa akimzonga Bibi amuuzie ukumbi wa chini, apate ule mlango wa barabarani.

Jioni yake mama wa nyumba ya nyuma alikuja mwenyewe, na halua kwenye sahani. Alikaa mkekani, akamwita Bi Mkubwa, akaliomba lile sufuria la tatu. Na akaja na masufuria mawili mapya ya bati jeupe, akasema haya yako, Bi Mkubwa, yashike mahala pa yale uliyochukuliwa. Alhamisi ilipofika, Bibi alikwenda kupika nyumba ya nyuma na wanawake wote wa kwetu. Kwa watu wa kona hakutia mguu.

Nilimuuliza kama aliwapenda wale wa nyuma.

"Nlikuwa hata siwajui vizuri," alisema. "Nlikuwa nshashushwa, mwanangu. Siku ile angekuja yeyote akanita Bi Mkubwa, ningemfuata na sufuria kichwani."

Nikamuuliza kwa nini hakubaki ndani tu, asiende kokote. Akasema alifikiri hivyo usiku kucha, lakini akinyamaza, nyumba zote mbili zitamwona hana maana, na tajiri ataurudia mlango.

Kilichofuata alikisema polepole. Mwaka haukwisha, watu wa nyuma wakahamia Kiembe Samaki, wakamwacha na watu wa kona, ukuta kwa ukuta. Mpaka leo salamu ni ya njiani tu. Alinipa aibu yake nzima, hakupunguza kitu. Nimepewa zawadi nyingi na Bibi, nguo za Idi, bangili, lakini hakuna ninayomshukuru kama hiyo.

Jumatatu nilisimama. Karatasi ilikuwa mkononi, neno la kwanza halikuja. Ticha hakunihimiza, aliangalia dirishani, na kwa hilo namshukuru pia. Nilisikia mtu nyuma anaguna. Mkuu wa kundi alikuwa ameshainamisha kichwa kwenye dawati. Nikaiweka karatasi chini.

"Bibi yangu ana masufuria matatu," nilisema.

Darasa likacheka. Lakini wakanyamaza kutaka kusikia masufuria yana nini, na kimya kile kilikuwa changu. Nikayaeleza yote, gari la ng'ombe, halua, masufuria mapya. Kila nilipofika mahala, niliwatajia Waingereza ni nani, Wajerumani ni nani, na nani anautaka mlango. Nikasema dola iliyokuwa kubwa haichagui kwa mapenzi. Inaogopa kumegwa, imevunjiwa heshima na rafiki wa zamani, na amekuja mgeni aliyeipa heshima wakati inaihitaji. Ticha aliuliza kama mheshimiwa waziri, akirudishwa nyuma, angechagua vile vile.

"Nisingechagua siku ile ile niliyoudhiwa," nilijibu. "Lakini sijui kama ningeweza kungoja."

Mkuu wa kundi alipiga makofi kabla ya wengine. Wakati wa kutoka alisema bubu ametuokoa, akanishika mkono mpaka getini.

Nilifurahi mpaka usiku, nilipokumbuka kwamba sikumwomba Bibi ruhusa. Nilikuwa nimemtangaza mbele ya watu arubaini.

Asubuhi yake nilimkuta jikoni anachemsha chai. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamwambia kabla sijakaa. Aliiepua chai kwanza.

"Umenitangaza," alisema. "Na walicheka wapi?"

Nikamwambia, walicheka mwanzoni tu, kisha hawakucheka tena.

"Hebu nisikie ulivyosema."

Sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Nikasimama upande wa kulia, karibu na jiko, nikaanza tangu mwanzo kwa sauti ya kusikika chini ukumbini. Kipindi cha kwanza shuleni nilichelewa.