Siku Nilizohesabu Salamu

Mimi si mtu wa kusitasita. Nilifundisha hesabu miaka mingi hapa Kitengela, na nilipostaafu wakaniingiza kwenye kamati ya barabara kwa sababu, walisema, mwalimu wa hesabu hakosei. Nilikubaliana nao kabisa.

Mwaka huo tuliahidiwa matuta ya mahali pamoja tu kwenye barabara kuu ya kwenda Kajiado. Malori ya mchanga yalipita kwa kasi ya kutisha, na watoto walivuka kila asubuhi kwenda shule. Wenzangu wakaanza kuvutana. Huyu alitaka matuta mbele ya kanisa lake, yule mbele ya duka lake la simiti. Nikawaambia wapunguze domo, nitaenda kuhesabu watoto wanavukia wapi.

Nikabeba kiti cha plastiki, mwavuli na daftari, nikaketi karibu na kituo cha petroli, upande wa shule, mahali palipoinuka. Nilikaa hapo asubuhi tatu. Watoto walivuka moja kwa moja kunijia, makundi kwa makundi, na kila mmoja akaniinamishia kichwa nikiguse, kama watoto wa Kimaasai wanavyowaamkia wakubwa. Mkono mmoja uligusa vichwa, mwingine ukaandika. Nilirudi nyumbani nikijiona mhandisi.

Kamati ikapitisha: matuta yawekwe penye petroli. Mhandisi angekuja Ijumaa kuweka alama za rangi.

Jumatano akaja jirani yangu, mama anayefuga mbuzi, ambaye binti yake, kitinda mimba, yuko darasa la pili. Alikataa kiti.

"Mwalimu, hiyo matuta mnaweka wapi?"

"Kwa petroli. Watoto wanavuka hapo. Nilihesabu mimi mwenyewe."

"Hapana. Watoto yetu wanavukanga kule chini, kwa kona. Hizo siku walipanda juu kwa sababu walikuona. Mtoto anaweza pita mzee bila kupeana kichwa? Si nitamchapa! Sasa lori ikigonga huyu wangu kwa kona, utaniambia nini? Utanionyesha daftari?"

Nilikasirika. Nilimjibu kwamba hesabu ni hesabu. Akaenda zake bila kunywa chai, na chai yangu hajawahi kuikataa.

Usiku ule sikulala vizuri, kwa hiyo Alhamisi nikarauka. Safari hii sikubeba kiti wala mwavuli. Nilijificha penye kona, nyuma ya kibanda cha mboga kilichokuwa upande wa shule. Kule juu penye petroli hakuvuka mtoto hata mmoja. Wote walikuja hapa chini, mahali ambapo dereva hamwoni mtu mpaka amfikie.

Yule binti wa jirani alikuwa wa mwisho. Nilichungulia kidogo tu, akaniona. Adabu ikamjia kabla ya kitu kingine chochote: akainamisha kichwa akiwa ng'ambo, akaanza kuvuka kunijia huku macho yakiwa chini.

Nikasikia lori.

"Rudi!" Nilipiga kelele ambayo sikuwahi kuipiga darasani. Akaruka nyuma. Lori likapita, likatuachia vumbi. Nikavuka mwenyewe kwenda kumchukua.

Ijumaa nilisimama mbele ya mhandisi na kamati nzima.

"Nilikosea," nikasema. "Sikuhesabu mahali watoto wanavuka. Nilihesabu salamu zangu. Pelekeni rangi kwa kona."

"Si tuliambiwa mwalimu hakosei?" akacheka yule wa simiti.

"Amekosea. Wewe beba rangi, twende."

Matuta yalipokamilika nilikwenda tena, na safari hii nikasimama mahali pa wazi. Lori likafika konani, likapunguza mwendo, likasimama. Binti akavuka akitembea, akaja akainamisha kichwa.

"Sopa," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," akajibu.

Nikaweka mkono juu ya kichwa chake kilichonyolewa, chenye joto la jua la asubuhi. Nilishindwa kuuondoa.

"Mwalimu," akasema kwa upole, bado ameinama, "nitachelewa."