Upande A

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, msije mkasema nauficha: nilifuta kaseti ya kwaya ya mama. Upande A wote. Humo mama alikuwa anaongoza wimbo na kanisa zima linamwitikia. Juu yake nikarekodi sauti yangu inayokwaruza kama debe, nikiuliza maswali ya uraia na kuyajibu mwenyewe.

Sababu ni miguu yangu, haijui kutulia. Mama alikuwa anajiandaa na usaili wa kuwa Mtanzania, na kila jioni, mpira umeshaanza uwanjani, ananiita nimsomee daftari langu la shule, la somo la Uraia. Yeye kusoma hajui. Nakaa, goti linacheza lenyewe, nasikia wenzangu wanapiga kelele "Gooli!", mimi niko kwenye rangi za bendera. Siku ya tatu nikaona hapana, kaseti itamsomea.

Alipoisikia mara ya kwanza aliisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema tu, "Haya. Betri uzianike juani."

Nilijua anautakia nini huo uraia. Tuliishi kwenye makazi ya wakimbizi, na asiye raia hatoki bila kibali. Mama akitaka kuuza maharage Makanyagio, pale Mpanda mjini, anaomba ruhusa kama mwanafunzi anayekwenda chooni. Baba alishapata uraia wake. Anapanda baiskeli na kuondoka bila kumuaga mtu. Hilo lilimuuma mama kuliko jino.

Siku ya usaili nilimsindikiza, nikabaki nje chini ya dirisha. Nakaa, nasimama, nazunguka jengo, narudi. Nikamsikia afisa, "Mama, rangi ya bluu kwenye bendera ina maana gani?"

"Bluu... bluu..." mama akarudia. Jasho likanitoka mimi. Ndiyo kwanza nikaelewa nilichofanya: kaseti haichanganyi maswali. Mama alikuwa ameyashika kama wimbo, na wimbo huwezi kuudakia katikati.

Akavuta pumzi, akaanza mwanzo kabisa. "Tanganyika ilipata uhuru mwaka sitini na moja. Mwenge uliwekwa mlima Kilimanjaro. Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Kijani ni mimea. Nyeusi ni watu. Manjano ni madini. Bluu ni maji. Hongera mama, kijana wako apewe paja la kuku."

Hilo la mwisho nililichomeka mimi, kwa utani.

Afisa akaweka kalamu chini. "Paja la kuku liko kwenye katiba ipi, mama?"

"Sijui, mkubwa. Mwalimu wangu yuko hapo dirishani. Muulize."

Nikachuchumaa haraka, kichwa kikagonga ukuta. Ndani wakacheka, lakini maswali yakaendelea, na kila swali mama anarudi kwenye uhuru na kushuka mpaka kwenye kuku. Kwenye swali la nne afisa akamkatiza. "Basi mama, umepita! Subiri barua. Na huyo kuku usimpe kijana wako."

Njiani mama alikaza mwendo, macho mbele. Mimi natangulia, nabaki nyuma, narudi ubavuni kwake. "Mama, umekasirika? Mama, si umepita lakini?" Tulipoufikia uwanja wa mpira, wenzangu wakaniita. Nikageuka nikimbie, mama akanishika kola ya shati.

"Maswali yao nimejibu, kuanzia mwanzo. Sasa na wewe kaa hapa, uniimbie upande A."