Siku Nilipokufa Majengo Bila Kumwambia Yaya

Jamani, ninyi mmeshaniona kwenye televisheni nikianguka ndani ya beseni la dagaa wa sambaza, mmeniona nikifukuzwa na mbuzi kwa gauni la harusi, basi mnadhani mimi sina aibu hata chembe. Ninayo. Iliniingia yote kwa siku moja, ile siku nilipolala ndani ya sanduku la maiti katikati ya barabara, mzima wa afya, na dada yangu mkubwa akaja na birika la maji kuniosha. Huwa naisimulia ili watu wacheke, lakini kuna kipande nimekuwa nikikiruka, na leo sitakiruka.

Nianze kwa kujisifu kidogo, mniruhusu. Mimi ni Mwamini, mtoto wa mfanyabiashara aliyetoka Maniema, lakini hapa Goma ukiuliza kwa Mwamini utazunguka mpaka jua lizame, uliza kwa Mama Duane, hata mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, atakusimamishia mzigo akuonyeshe nyumba. Nilianza kuigiza nikiwa na miaka hamsini na mbili, umri ambao wenzangu walikuwa wameshaanza kulalamikia magoti (yangu pia yalikuwa yanauma, ila nikayatia kwenye mchezo, watu wakacheka). Kabla ya hapo nilikuwa muuza vitenge, navuka mpaka wa Bunagana na marobota yangu, na hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi.

Sasa huyo Mama Duane mnayemjua, mama wa forodha ninayemwigiza, mwenye kofia iliyolalia sikio, anayekagua sufuria za watu, mabegi ya watu, hata ndoa za watu, alizaliwa mwaka ule volkano iliposhuka mjini. Mimi na yaya Hadija, dada yangu mkubwa, tulikimbia pamoja, moto nyuma, watu mbele, na kwenye msongamano tukapotezana, nikamsikia akiita "Mwamini, Mwamini, uko wapi?" kwa sauti ambayo sikujua anayo, mpaka akanipata akanishika mkono na hakuuachia tena mpaka tulipofika kwenye uwanja wa shule ambapo wakimbizi walilala. Nyumba ya baba ilikuwa imeshafunikwa, na kasha la baba lenye barua zake na kanzu zake limo ndani. Yaya akanyamaza siku mbili, hali, hasemi, anatazama tu kule ulikokuwa moshi.

Pale getini wakimbizi wenyewe walikuwa wamemweka mama mmoja azuie wezi, na yule mama aliipenda kazi yake kupita kiasi, kila furushi lazima aligonge mara mbili na vidole kama mlango, kisha aseme "Fungula nioneee," na hilo "nione" alilivuta mpaka pumzi imwishie. Siku ya tatu nikajifunga shuka kiunoni, nikaenda mbele ya yaya, nikamgonga kichwani taratibu mara mbili, nikasema, "Fungula nioneee." Yaya alicheka mpaka machozi yakatoka, halafu akalia kweli, halafu akaomba uji. Hicho ndicho kicheko cha kwanza nilichowahi kukipata kwa kazi hii, na mpaka leo ndicho ninachokiringia kuliko vyote.

Miaka ikapita. Wiki ile waasi walipoingia mjini, umeme umekatika na watu wamejifungia, nikawa nawachekesha majirani uani kwa sauti ya chini, na kumbe mmoja wao, papa Floribert, ana kamera na ana ndoto za televisheni. Akaniambia, "Mama, vita ikitulia, utakuya tukushike mu kamera. Huyu mutu wako wa 'fungula nione' hapana kufia hapa mu lupango, hapa uani." Ikatulia, nikaenda, na baada ya miezi michache watoto wakawa wananifuata barabarani wakigonga kila kitu mara mbili.

Yaya Hadija alikuja kwangu kesho yake baada ya kipindi cha kwanza. Hakukaa. Nikamletea kiti, akakiangalia tu.

"Ile ilikuwa yetu, Mwamini," akasema. "Ilikuwa ya siku ile. Unaenda kuitoa inje mbele ya batu bote, na myaka yako hii, mutoto wa baba yetu?"

Kwa kuwa nina kichwa kigumu nikasema kazi ni kazi. Akaondoka, na miaka mitatu hakunisemesha. Nikikutana naye kwenye sherehe ya ukoo anasalimia watu wote kushoto kwangu na kulia kwangu. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba hainihusu, lakini ilinihusu sana. Kila kipindi kilipotoka nilijiuliza kama yaya amekiona, na nilijijibu kwamba televisheni yake huwa anaifunika kitambaa.

Basi tukafika kwenye kile kipindi ambacho Mama Duane anajisingizia kufa ili ajue nani atamlilia, halafu makaburini anainuka ndani ya sanduku na kuanza kukagua maua. Tulipiga picha za nyumbani mtaa wa Himbi, kisha ilitakiwa msafara wa mazishi upite mjini, pikapu yenye sanduku, matawi, maua, na picha ya marehemu mbele yenye utepe mweusi. Papa Floribert alitaka tupite njia ya ziwani, lami nzuri, watu wachache, tumalize. Mimi ndiye niliyesema, "Tupite Majengo, kule kuko batu bengi, picha itajaa."

Uongo mtupu. Yaya anakaa Majengo. Nilitaka anione nimebebwa na gari lenye maua kama mke wa gavana, nilitaka majirani zake wamwambie "mudogo wako anapita." Na kwa kiburi hichohicho nikakataa picha ya Mama Duane na kofia yake, nikatoa ile yangu ya Idi, yenye mtandio wa kijani, kwa sababu hapo nilikuwa nimependeza. Kwa hiyo aliyekufa kwenye gari lile hakuwa tena Mama Duane. Alikuwa Mwamini.

Sanduku tupu likawa linarukaruka kwenye mawe ya volkano mpaka linaonekana halina mtu, nikasema basi naingia mwenyewe (hakuna aliyenilazimisha, andikeni hilo). Kifuniko kikaachwa wazi kidogo upande wa kichwa nipumue. Papa Floribert akawaonya vijana wawili wa suti nyeusi waliokuwa wabebaji: "Mutu akiuliza, museme Mama Duane alikufa. Musitoe siri, kipindi itaharibika." Wakaapa.

Tulipoingia Majengo, tairi likapasuka kwenye jiwe. Dereva na papa Floribert wakaenda kutafuta jingine, wakaniambia nitulie tu, na sanduku likashushwa chini ili gari liinuliwe. Sasa mimi nilikuwa nimeamka kabla ya alfajiri, ndani kuna kamto laini, kuna kagiza, kuna joto zuri. Nikalala usingizi. Usingizi wa kweli, wa kukoroma kidogo, nashukuru Mungu sikukoroma sana.

Kilichoniamsha ni sauti. "Mwamini. Mwamini, uko wapi?"

Kwa kitambo nilidhani volkano imeshuka tena. Kisha nikakumbuka nilipo, nikasikia na wanawake wanalia, wengi, na miguu ya watu inasogea, na wale vijana wawili waaminifu wanarudia kwa adabu kubwa, "Ndiyo mama, alikufa, ndio tunamupeleka." Kumbe picha ya Idi ilikuwa imeshakimbia mtaa mzima, kilio kimeshaanza kwa yaya, sufuria za wali zimeshapanda motoni, wazee wa msikitini wameitwa, na yaya mwenyewe yuko hapo, birika mkononi.

"Munamupeleka wapi?" akawauliza. "Huyu ni mutoto wa muislamu. Juu ya nini mumutie mu sanduku na foto na maua? Nani alimuosha?"

Kuhusu kuoshwa vijana hawakuwa wameambiwa lolote.

"Mumutoshe inje. Nitamuosha miye mwenyewe."

Sasa ndio kile kipande ninachokiruka. Mtaniuliza kwa nini sikuinuka saa ileile, na huwa nawaambia watu niliogopa kumuua yaya kwa mshtuko, na ni kweli niliogopa, lakini siyo hiyo tu. Yaya alikuwa amelitaja jina langu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, na mimi nilitaka kusikia mengine. Dada yangu analia juu ya kichwa changu na mimi nimelala nasikiliza, na nafsi yangu inafurahi. Aibu yenyewe ni hiyo, ile ya watu kukimbia ni nyongeza.

Mzee mmoja akamwambia, "Mama Hadija, utulie. Hamukuwa munasemezana, lakini Mungu anajua."

Yaya akasema, "Muzee, miye nilimukatalia. Nilimwambia anatutia haya. Na ile televizyo nilikuwa naangalia, muzee. Naivalisha kitambaa batu bakiingia, bakitoka naitosha. Alikuwa anacheza muzuri, huyu mutoto. Hakuna mwenye anamufikia mu Goma muzima, na sikumwambia ata siku moja."

Nikauma kidole. Machozi yananiingia masikioni, maana ukilala chali yanaenda huko. Nikaamua sasa nainuka, polepole, naanza kwa salamu. Lakini yaya alikuwa ameshasogea, akagonga sanduku na vidole, mara mbili, ko-ko, akawaambia wale vijana, "Fungula." Na kwa kuwa hawakutikisika akasema tena, kwa kilio, pumzi inamwishia, "Fungula nioneee."

Hakukusudia, nawaapia. Lilimtoka tu. Lakini lilikuwa lenyewe, ugongaji wake ni uleule, mvuto wake ni uleule, hata mimi mwenye kazi sijawahi kulisema vizuri vile, na mtu halisemi vile bila kuwa amekaa mbele ya televisheni miaka mitatu. Nikacheka. Kicheko kikanitoka kikubwa ndani ya lile sanduku, na mbao zikakiongeza.

Majengo yote ikakimbia. Mzee aliyemwambia yaya atulie ndiye aliyekuwa mbele. Wale wabebaji wawili, wanaojua fika kwamba mimi ni mzima, nao wakakimbia (mpaka leo hawajanieleza kwa nini). Nikasukuma kifuniko nitoke, sanduku likapinduka, nikabiringika juu ya mawe na gauni langu jeupe, kiatu kimoja mguuni, poda ya maiti usoni.

Yaya Hadija peke yake hakukimbia. Alisimama, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kile kiatu kimoja. Halafu akainua birika akanimwagia maji yote kichwani, taratibu, mpaka tone la mwisho.

"Mwamini," akasema, "unakufa bila kuniambia?"

Nikamwambia, "Yaya, unisamehe." Akasema, "Usimame, batu banakuona." Ndipo akanishika mkono, na alivyoushika nikaujua mshiko ule, akanipeleka mpaka kwake nikiwa nachuruzika, na sikujaribu kuutoa.

Niliomba msamaha mara nyingi jioni ile, kwa wazee, kwa wanawake waliopoteza machozi yao, kwa papa Floribert aliyerudi na tairi akakuta hana marehemu. Wazee walinikemea, na walikuwa na haki, kifo si cha kuchezea mlangoni pa watu. Wali ulikuwa umeshaiva, ukaliwa. Yaya akaingia sebuleni, akavuta kile kitambaa juu ya televisheni, akakikunja vizuri, akakitia kabatini, na hakijatoka tena.

Siku hizi tukitaka kurekodi, Floribert hunileta kwanza kwa yaya nimsomee maneno yangu. Ananikosoa bila huruma, ananiambia "nione" yangu siku hizi ni fupi, napunguza pumzi kwa sababu ya uzee. Na akikaa mbele ya nyumba yake wakipita wageni, hawajauliza lolote, anawaambia, "Mama Duane munamujua? Ni mudogo wangu. Wa kwanza kumucheka ni miye."

Kuigiza sitaacha, magoti yakiniruhusu. Lakini mwandishi yeyote akiniletea hadithi ambayo ndani yake nakufa, hata kwa ugonjwa mdogo, hata kwa dakika mbili, nampigia yaya simu kwanza.