Bi Siti Aliyeuliza Njia

Barabara ilikuwa bado ni mstari wa penseli juu ya karatasi wakati serikali ilipomleta kijana mmoja kutoka Unguja, jina lake Abrahman, aje achunguze watu wa huko juu karibu na Msuka wanakwenda wapi na wanapita wapi. Alikuwa kijana mpole, suruali yake ya kaki imelowa umande kila asubuhi, na shida yake ilikuwa moja. Wanaume wengi walimjibu, wanawake hawakumjibu. Kila akipiga hodi, sauti kutoka ndani ilimwambia, "Mwenyewe hayupo," na mazungumzo yakaishia hapo. Karatasi zake zilipojaa, zilionyesha wanaume wanakwenda Konde na Wete, na wanawake hawaendi popote. Na hali kila siku alipishana nao njiani, huyu na mtungi, huyu na mzigo wa kuni, huyu na mtoto mgongoni.

Alikuwa amefikia kwa Himid, mwalimu wa skuli, na Himid ndiye aliyempa shauri.

"Mchukue dada yangu. Yeye akipiga hodi huitikiwa."

Dada mwenyewe alikuwa Bi Siti binti Nyange wa kitongoji cha Mivumoni, mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa akisomesha watoto wa kike Kurani ukumbini mwake, na wakiondoka alikaa papo hapo akasuka ukili. Kuandika alijua kwa herufi za Kiarabu, kama wengi wa rika lake waliopitia chuo cha Kurani. Himid aliahidi kuyageuza maandishi yake yawe ya herufi za Kizungu.

"Wataka kujua ya watu ili iwe nini?" Bi Siti alimuuliza Abrahman.

"Ili barabara isije ikakatwa wasipopita watu, Bi Siti."

Jibu lile lilimridhisha. Kesho yake alijitanda buibui, akaanza na jirani.

Wanawake wa Mivumoni kwanza walicheka. "Serikali yataka kujua mie nendako?" alisema mmoja huku akipeta mchele. "Mume wangu mwenyewe hajaniuliza tangu anioe." Bibi Bimkubwa, aliyekuwa mkongwe kuliko wote pale, alidhani itatozwa kodi ya kutembea, akasema yeye tangu mfungo mosi hajatoka mlangoni. Lakini Bi Siti hakuwa na haraka. Alikaa mkekani, akapokea chai, akaulizia hali za watoto, na maneno yakaja yenyewe: nani anakwenda kisimani, nani anapeleka mikeka Konde, nani anakwenda kumuuguza mama yake.

Kila alipoendelea ndivyo alivyosikia neno moja likirudi. "Zamani nlikuwa nikenda Maweni kununua vyungu. Sasa siendi." "Zamani chokaa tukiichukua Maweni." "Nna shangazi yangu Maweni. Sasa siendi."

Hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Maweni ilikuwa ng'ambo ya bonde la mpunga tu, mtu akiita huku anasikika kule. Lakini zama zile zilikuwa za siasa. Mivumoni walishika chama kimoja, Maweni walishika kingine, na watu wakasusiana duka, wakasusiana kisima na harusi, mwisho wakasusiana hata maziko. Vuai, mume wa Bi Siti, alipofariki, hakuvuka mtu wa Maweni kuja kumzika. Hakuja hata Moza. Na Moza alikuwa shoga yake tangu chuoni, walisoma juzuu moja, wakachezeana ngoma siku za harusi zao. Siku zote za matanga Bi Siti alikaa akitazama mlango. Tangu hapo hakulivuka bonde.

Abrahman alifurahi alipoona kazi ile. Alitandaza ramani yake ukumbini kwa Himid, akapita kidole juu ya Mivumoni.

"Hapa sasa naona watu. Huku Maweni ndiko kweupe. Wanaume wao walinifukuza, nikasema basi, labda hawana haja. Ikibaki hivi, barabara itanyooka kupitia kwenu."

Shemegi yake Bi Siti, Shaame, ndugu wa marehemu Vuai na mkubwa wa chama pale Mivumoni, alikuwapo. Wakati wa kurudi alimwambia Bi Siti njiani, kwa upole kabisa, "Umeshamaliza, shemegi. Wa Maweni waache na mawe yao. Wewe huhitaji kusema uwongo. Usiseme kitu tu."

Bi Siti alirudi kwake, akasomesha, akapika. Na kweli alitaka kunyamaza. Lakini kila akishika ukili alisikia yale majibu ya wanawake, sasa siendi, sasa siendi, akajiona yeye ameuliza nyumba zote asijiulize mwenyewe. Wanafunzi walipotawanyika alichukua karatasi zake akateremka bondeni, akavukia Maweni.

Moza alikuwa uwani kwake akipiga makumbi ya nazi ya kusokotea kamba. Alimwona, akaendelea kupiga.

"Sabalkheri, Moza."

"Sabalkheri." Nyundo ya mti ilipanda ikashuka. "Nimesikia waandika watu."

"Naandika."

"Basi serikali ndiyo iliyokuleta. Mwenyewe usingekuja."

"Nisingekuja," alisema Bi Siti.

Moza akaiweka nyundo chini. Hakumkaribisha, lakini alisogeza kando rundo la makumbi, na Bi Siti akakaa pale palipobaki wazi.

"Haya, niulize."

"Ukitoka hapa wendapi, na wapita njia gani?"

"Nlikuwa nikija kwako," alisema Moza. "Andika hilo. Siku ya Vuai nilijitanda nkatoka. Nlifika kwenye mpunga. Mume wangu akanitumia mtu, akasema nikilivuka bonde nisirudi kwake. Nkasimama pale mpaka nkasikia wanabeba jeneza, wanaitikia tahlili. Kisha nkarudi. Sikuwa na pa kwenda, Siti. Mama yangu keshakufa, na nyumba ni ya Mabruki."

Bi Siti aliinamia karatasi. Kalamu haikuandika.

"Na jengine la kuandika," Moza aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa kavu. "Mwanangu Masika alishikwa na uchungu mimba haijatimia. Tukataka gari ya ng'ombe ya shemegi yako tumpeleke Konde. Shaame akasema gari yake haibebi watu wa chama chetu. Tukamtia kitandani, tukamchukua kwa miguu tukizunguka pwani, mikokoni, maji yamejaa. Masika alipona. Mtoto hakupona. Nawe hukujua?"

"Wallahi sikujua."

"Nlidhani wajua. Nlidhani ndio maana huji."

Bi Siti alikuwa akimjua Shaame kwa ukarimu; ndiye aliyemjengea ukuta wa nyuma wakati wa eda. Na sasa aliiona ile gari ikiwa imeegeshwa kwenye mfenesi, ng'ombe wanatafuna, na watu wanazunguka mikokoni na kitanda mabegani. Machozi yalimtoka, akayaacha. Moza naye alitazama pembeni, akajifuta kwa pindo la kanga.

Halafu Bi Siti akaandika: kutoka Maweni kwenda hospitali, kwa kupita pwani, maji yakijaa hapapitiki. Alimsomea Moza alichoandika. Moza akasema ndivyo.

"Wenzangu hawatakujibu peke yako," alisema akiinuka. "Ngoja nivae."

Wakaenda pamoja nyumba kwa nyumba, Moza mbele. Wengine walijibu kwa ukali, wengine walitaka kwanza kujua ametumwa na chama gani, lakini walijibu. Mabruki alirudi kutoka shamba akawakuta mlangoni kwa jirani yake. Alisimama, akamtazama mkewe, kisha akamwamkia Bi Siti kwa heshima na kuingia kwake. Moza alisema baadaye kwamba usiku ule hawakusemezana, na asubuhi mumewe aliuliza tu kama mwanamke yule atarudi tena.

Abrahman alipozipata karatasi zile alikaa nazo muda mrefu. Alikwenda mwenyewe kuitazama njia ya mikokoni, akarudi matope magotini. Wapimaji wakaja na minyororo na vigingi, wakachimba mashimo kuangalia udongo. Kwa upande wa Mivumoni walikuta udongo laini unaonyonya maji. Kwa upande wa Maweni jiwe lilikuwa chini ya miguu yao, kifusi kisichohitaji kuletwa kutoka mbali. Jiwe na zile karatasi vilisema jambo moja. Barabara ilipangwa kupita Maweni.

Mivumoni hawakulisema jiwe. Walimsema Bi Siti. Baadhi ya wazee waliwatoa mabinti zao darasani. Shaame alikuja barazani, hakukaa.

"Umetupoka barabara, shemegi."

"Sikupoka kitu. Nimeandika walionijibu." Kisha akamuuliza, "Watu wa Moza walikuja kumtakia Masika gari yako?"

Shaame hakutarajia. Alishika nguzo ya baraza. "Zilikuwa siku mbaya zile," alisema mwishowe.

"Zilikuwa mbaya kwa nani?"

Shaame aliondoka, na kwa muda mrefu hakupita tena mbele ya nyumba ile.

Barabara ya kifusi ilifika mwaka uliofuata, nyembamba, yenye vumbi jeupe la mawe, na lori la kwanza kupita lilifuatwa na kila mtu wa Maweni aliyeweza kukimbia. Watu wa Mivumoni waliotaka kupanda iliwabidi walivuke bonde. Siku za mwanzo walizunguka mbali kwa inadi. Wanawake walichoka mapema kuliko wanaume, wakaanza kukata katikati ya mpunga, wakinunua vyungu wakirudi. Moza akawa anakuja Alhamisi, na Bi Siti anakwenda Jumatatu, na yaliyopita mara nyengine waliyazungumza, mara nyengine waliyaacha. Darasa lake lilibaki dogo. Lilimuuma, asikatae kuwa linamuuma.

Msimu wa karafuu Bi Siti alikuwa ukumbini na ukili wake alipomwona Shaame njiani na gunia la karafuu begani, anaelekea bondeni kufuata lori la Maweni. Gari yake haikuweza kupita mle. Alisita mbele ya baraza.

"Njia hii ina matope," alisema.

"Ina matope," alijibu Bi Siti. "Shika mkono wa kulia, kuna mawe ya kukanyaga."

Shaame aliitikia kwa kichwa, akapanga vizuri gunia lake, akateremka kwa upande wa kulia.