Ulimwengu Unatanuka kwa Kiswahili

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha fizikia, kwenye sekondari moja ya kata upande wa Kizota, Dodoma, mkuu wa shule aliniita ofisini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho.

"Mwalimu, nasikia darasani kwako ni Kiswahili mwanzo mwisho."

"Si mwanzo mwisho, mkuu. Ni pale wanapokwama."

"Mtihani hauji kwa Kiswahili. Wiki ijayo mkaguzi atakaa darasani kwako. Usiniaibishe."

Nilitoka nimekasirika. Mwanafunzi wa aina anayoitaka mkuu nilishakuwa mimi. Nilikulia Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, nikasoma hapa, na maelezo ya kasi ya mwanga niliyakariri kwa Kiingereza neno kwa neno, nikafaulu vizuri. Sikuelewa kitu. Nilikuwa chuoni, mtu mzima, ndipo siku moja nikianika nguo nilipojisemea kwa Kiswahili, lugha ya mama yangu: kumbe jua hili ninaloliona ni la dakika nane zilizopita! Nilisimama na shuka mkononi, maji yakinichuruzikia miguuni, nina furaha na hasira kwa pamoja. Miaka yote ile nilinyimwa hili kwa sababu gani?

Mkaguzi alikuja, mzee nadhifu, akakaa dawati la nyuma. Somo lilikuwa kutanuka kwa ulimwengu. Nilianza kwa Kiingereza kama nilivyoagizwa. Kidato cha nne kizima kikainama kunakili. Kisha binti mmoja akanyoosha mkono. Kwao ni kijijini, wakulima, na hata Kiswahili alikikuta shuleni baada ya Kigogo.

"Samahani mwalimu, naomba kuuliza kwa Kiswahili."

Wenzake wakageuka kumtazama mkaguzi. Mimi sikumtazama.

"Uliza."

"Kama galaksi zote, hayo makundi ya nyota yaliyo mbali, zinatukimbia, basi sisi ndio tuko katikati?"

Nikaweka chaki chini. Kwenye mkoba nilikuwa na mpira wa kufungia mizigo kwenye baiskeli, ule unaokatwa kutoka tyubu kuukuu. Nikautia alama za chaki, nikampa ncha moja, tukauvuta.

"Jifanye uko kwenye alama hii. Unaona nini?"

"Zote zinaniacha. Za mbali zinaniacha kwa kasi zaidi."

"Hamia hii nyingine."

Akatazama. "Ni vilevile! Basi hakuna katikati."

Darasa likalipuka. Mvulana mmoja akadakia, "Mbona Dodoma na Morogoro haziachani?" Tukacheka, kisha nikawaeleza jinsi nguvu ya uvutano inavyoishikilia dunia yetu, hata galaksi yetu, na kwamba kinachotanuka ni nafasi kubwa zilizo mbali huko. Nikawaambia kuwa mwanga ukisafiri humo nao hunyooshwa, ukaelekea wekundu, na ndivyo watu walivyotambua kwamba ulimwengu unatanuka. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka.

Mkaguzi alinipa mkono. "Umefundisha vizuri. Lakini lugha hiyo hairuhusiwi." Akaenda kuandika hivyohivyo.

Nikanyang'anywa kidato cha nne, nikapewa cha kwanza.

"Hili ni onyo," mkuu alisema.

"Nimelipokea, mkuu. Lakini wakikwama nitawaeleza kwa lugha wanayoijua."

"Hata huko?"

"Hasa huko."

Alidhani ni adhabu. Watoto wa kidato cha kwanza wametoka msingi, wanakofundishwa kwa Kiswahili, wamezoea kuuliza, na hakuna aliyewahi kuwafunga midomo. Maneno ya Kiingereza ninawapa yote, maana mtihani sitaki uwashinde. Ila kuelewa kunatangulia. Yule binti alifaulu fizikia, kwa Kiingereza hichohicho.

Juzi mmoja wa hawa wa kidato cha kwanza aliniuliza kama mwanga huchoka njiani. Ofisi ya mkuu iko jirani na darasa letu. Mlango niliuacha wazi, nikapaza sauti, nikaanza kumjibu kwa Kiswahili.