Vitunga Vingapi kwa Wiki?

Akelo alipotangaza kwamba anataka kufanya doctorat, shahada ya udaktari wa chuo kikuu, watu wa kwao Bunia walimwuliza mambo mawili tu: ataolewa lini, na je, hiyo doctorat itamfundisha kupiga sindano? Ilikuwa mwaka 1979. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya wasichana, mfupi, mwenye mwendo wa mtu anayechelewa misa. Baba yake alikuwa katekista upande wa Mahagi. Alibatizwa Berthe, lakini serikali ilikuwa imefuta majina ya Kizungu ya namna hiyo kwenye vitambulisho vya nchi nzima. Mama yake mdogo Pétronille, aliyeuza samaki wa chumvi katika soko la Bunia, hakuletewa barua ya kumjulisha jambo hilo. Akaendelea kumwita Berthe.

Swali lililomkaa Akelo rohoni lilitoka kwenye meza ya mama mdogo huyo. Samaki walivuliwa ziwani Kasenyi kwa nyavu zilizotengenezwa Asia. Chumvi ilipitia Uganda, nayo ilikuwa imetoka pwani ya mbali zaidi. Walaji walikuwa wachimba dhahabu wa Bambu na Nizi, na dhahabu yao ilikwenda Ulaya kupamba vidole vya watu wasiojua harufu ya samaki huyo. Kitunga kimoja, maana ndivyo Bunia wanavyoita kikapu, kinagusa nchi ngapi? Na nchi zote hizo zinamfanyia nini mwanamke anayekibeba kichwani? Hilo ndilo alilotaka kulijua, na hakuna aliyekuwa amemwandikia kitabu chake.

Chuo kikuu kilikuwa mbali, safari ya siku nyingi juu ya lori, na lori lenyewe likilala kwenye matope zaidi kuliko abiria wake walivyolala. Watu wa historia walimwambia hayo ni mambo ya uchumi. Watu wa uchumi wakamwambia ni jiografia. Watu wa jiografia wakasema ni mila na desturi, aende akawaulize wanaosoma mila. Kila ofisi ilimpokea kwa heshima na kumsindikiza mpaka mlango wa ofisi nyingine. Akelo alikwenda na kurudi mara tatu katika miaka miwili. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi nje ya mlango wa Profesa Mumbere, mwanahistoria wa Kinande aliyesifika kwa ukali, toka asubuhi mpaka mfagiaji alipoanza kufunga madirisha.

"Weye mwanamuke," Mumbere alimwuliza, amechoka kumwona, "unataka kusoma dunia muzima?"

"Apana, Professeur. Miye nataka kusoma kitunga moja tu. Dunia ndiyo iliingia mule ndani."

Mumbere akacheka, jambo ambalo wanafunzi wake walikuwa hawajaliona, akatia sahihi. Mwalimu wa uchumi na wa jiografia nao wakatia sahihi zao chini ya ile yake, kila mmoja akihakikisha kwamba lawama, ikija, itamkuta wa kwanza.

Basi Akelo akajifunga kibwebwe. Alichapa maswali kwenye mashine ya parokia, karatasi mia mbili na kumi na mbili, na kila karatasi ilikuwa na jina la mwuzaji juu yake. Swali la kwanza liliuliza: unauza vitunga vingapi kwa wiki? Mwaka mzima wa 1982 alipita meza kwa meza, kalamu mkononi, na akina mama walimjibu kwa adabu zote, wengine wakimvutia na kiti. Alipomaliza kupiga hesabu zake, alikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo kumsomea matokeo, uso unang'aa. Mwuzaji wa samaki wa Bunia, akasoma, huuza kitunga kimoja kwa wiki.

Mama Pétronille alicheka mpaka akaweka chini kisu chake. Akawaita jirani zake nao waje wasikie. Valérie, wa meza ya pili, alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kitenge.

"Mama mudogo, muko munacheka nini?"

"Berthe, mutoto yangu, kwa kitunga moja, siye bote tungekuwa tumeshakufa na njaa. Ile ni hesabu tunaambiaka bantu ba leta, balipishaji ba kodi."

"Lakini miye si mutu ya leta! Munanijua tangu niko mutoto!"

"Weye tunakujua. Lakini ulikuya na karatasi, na stylo mu mukono. Siye tulijibu karatasi. Hatukujibu weye."

Akelo alikwenda nyumbani kwake Nyakasanza akalia, na alilia sana. Mwaka mzima wa maisha yake, karatasi mia mbili na kumi na mbili, na ndani yake hakuna neno moja la kweli. Alimwandikia Mumbere, na Mumbere akajibu kwamba tarakimu zile zimekaa vizuri, aandike tu, hakuna wa jopo la watahini atakayepanda lori mpaka Bunia kuzihakiki. Ushauri ule ulimkasirisha kuliko kicheko cha soko. Alipiga moyo konde, na Jumamosi iliyofuata alikuwa nyuma ya meza ya mama mdogo, aproni kiunoni, bila kalamu.

Aliuza samaki miaka miwili, Jumamosi zote na likizo zote. Aliteremka Kasenyi na akina mama, akajifunza kumpasua samaki kwa mgongo na kumshindilia chumvi mpaka vidole vinawaka. Wanafunzi wake walipata habari kwa pua kabla ya kuambiwa. Na kwa kuwa sasa mikono yake ilinuka kama ya wenzake, maneno yalianza kuja yenyewe: nani ana mitumbwi miwili na anakiri mmoja, nani huvuka ng'ambo kufuata chumvi, njia gani ya miguu inazunguka barrière, kizuizi cha askari barabarani. Kila jioni aliandika aliyoyasikia. Karatasi zilikuwa adimu Bunia, kwa hiyo aliandika nyuma ya zile zile za uongo, kila mama nyuma ya jina lake.

Hapo ndipo alipoiona kazi yake. Mbele ya karatasi, kitunga kimoja. Nyuma, vitunga sita. Kati ya pande hizo mbili ulikaa uchumi wote, na historia ya kodi tangu Wabelgiji, na ramani ya vijia, na hofu. Aliandika kurasa mia nne na kumi. Ndani ya kitabu kila mama alikuwa namba tu, na vijia havikuwa na majina.

Mwaka 1986, siku kumi na nane kabla ya kutetea kazi yake, barua ya Mumbere ilifika. Ilisema, "Citoyenne Akelo, jopo linataka karatasi za asili zote, zenye majina. Zitawekwa kwenye maktaba. Bila hizo, hatudhamini."

Akaisoma mara mbili. Maktaba hiyo ilikuwa wazi kwa mtu yeyote, hata kwa mtu wa leta, yaani wa serikali, anayetafuta wa kumtoza kodi. Angeweza kuzificha karatasi chini ya godoro, lakini Akelo alijijua. Aliitaka doctorat ile kwa uchungu wa miaka saba. Wangembana kidogo mbele ya watu, angesema, "Subirini, nizilete." Aliogopa kinywa chake mwenyewe.

Kesho yake alibeba karatasi zote mpaka sokoni na kuzigawa meza kwa meza.

"Mufungie samaki," alisema.

Mama Pétronille hakujua kusoma, lakini aliutambua mwandiko. "Berthe, hii si kazi yako?"

"Ni yangu, mama mudogo. Fungeni."

Ndani ya siku tatu, utafiti wote wa Akelo ulikuwa umekwenda Bambu, Nizi na Djugu, umezunguka samaki, ukaishia kwenye majiko kuwasha moto. Yeye akapanda lori.

Mbele ya jopo alijibu kila swali kwa saa mbili bila kutikisa ukope. Kisha mwalimu wa uchumi akaziulizia karatasi. Akelo akasema zimefungia samaki. Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

"Sasa tutajuaje kama hukubuni?" mwalimu aliuliza.

"Kuyeni Bunia, muuze samaki kwanza. Lakini musikuye na stylo."

Walijifungia chumbani muda mrefu, na sauti ya Mumbere ilisikika hadi uwanjani. Walipotoka walimpa udaktari wake, bila sifa yoyote juu yake, daraja la chini kabisa lililoruhusiwa. Akelo alishika tama kidogo, akashukuru, akaenda kutafuta lori.

Sokoni walimpokea kwa vigelegele, na Valérie akamwonyesha daktari mpya goti linalomuuma. Mama Pétronille alikwenda kumnunulia bia ya pongezi, akamwachia meza. Ndipo alipotokea kijana wa ofisi ya kodi, shati limepigwa pasi, karatasi mkononi. Alisimama mbele ya Daktari Akelo, mtu pekee duniani aliyeandika kurasa mia nne na kumi juu ya jambo hilo, akamwuliza:

"Mama, munauzisha bitunga ngapi kwa juma?"

Akelo alijifuta chumvi mikononi, akamtazama kijana machoni.

"Kitunga moja tu, citoyen," alisema. "Na ile pia, nusu inaozaka."